Mwongozo Kamili wa Kuwasilisha Utafiti Wako kwenye Shindano la Chuo Kikuu: Kutoka Ikisiri Hadi Maswali ya Majaji

Kila mwaka mashindano ya utafiti wa wanafunzi yanapofika katika kampasi za Nairobi, kosa ni lile lile. Mwanafunzi amefanya kazi nzito kwa miezi minane na data zake hazina doa, halafu anasimama mbele ya majaji na kutumia dakika mbili kati ya tatu kueleza usuli wa tatizo. Kengele inalia kabla hajataja matokeo. Alama zinamwendea mwingine aliyefanya kazi ndogo ila akaieleza ikaeleweka.

Mwongozo huu unahusu mambo mawili yanayodaiwa na karibu kila shindano: bango na hotuba fupi. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi amechota maji ya tope kutoka Mto Mathare na kupima kama unga wa mbegu za mlonge (Moringa oleifera) unaweza kuyasafisha. Tarakimu za mfano huo ni za kufundishia tu. Weka zako mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Fomu ya alama ya majaji, au angalau tangazo la shindano lenye vigezo.
- Vipimo vya ubao wa kubandikia bango, kwa sentimita, na kama ubao huo hubandikwa kwa pini au kwa utepe wa kunata.
- Data zako ghafi kwenye jedwali, pamoja na idadi ya marudio ya kila kipimo.
- Nambari ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), ikiwa utafiti wako ulizihitaji.
- Nembo ya chuo yenye ubora wa juu, kutoka ofisi ya mawasiliano. Ile uliyoikata kwenye tovuti itachapishwa ikiwa na ukungu.
- Simu yenye saa ya kuhesabu na kinasa video.
- Wasikilizaji watatu: mmoja wa fani yako, mmoja wa chuo lakini fani nyingine, na mmoja asiye wa chuo kabisa.
- Majuma matatu. Kwa juma moja kazi itafanyika, lakini hutapata nafasi ya kurekebisha makosa ya uchapishaji.

Ukikosa fomu ya alama, waandikie waandaaji barua pepe uwaombe. Kuomba vigezo si aibu wala si udanganyifu. Wengi hawaombi, na hiyo ni hasara yao.

## Hatua ya 1: Geuza fomu ya alama kuwa ramani ya muda

Tuseme fomu inasema hivi: usuli alama 10, mbinu 25, matokeo 30, muundo wa uwasilishaji 15, kujibu maswali 20. Hotuba ni ya dakika tatu, yaani sekunde 180. Usuli wenye alama 10 haustahili kula zaidi ya sekunde 25. Matokeo yapate sekunde 60 au zaidi.

Jaji hukaa na fomu hiyo mkononi na kujaza kisanduku kimoja baada ya kingine. Asiposikia mbinu yako, ataacha kisanduku wazi au atakisia, na makisio yake hayatakupendelea. Kwenye bango, tumia vichwa vinavyofanana na maneno ya fomu. Fomu ikisema "Mchango kwa jamii", andika hivyo hivyo, usiandike "Umuhimu".

Utajua umefaulu: ukimpa mwenzako fomu na rasimu yako, anaweza kuonyesha kwa kidole kila kigezo kilipojibiwa.

## Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya matokeo

Hapa ndipo shindano linapoamuliwa, kwa hiyo tulia hapa hata siku mbili.

Rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu huwa hivi: *Utafiti huu unachunguza athari za mbegu za mlonge katika usafishaji wa maji.* Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa kabla ya utafiti kuanza. Haina tokeo lolote ndani yake.

Rasimu ya pili: *Mlonge husafisha maji machafu yakawa salama kunywa.* Sasa kuna tokeo, lakini limezidi data. Mwanafunzi alipima tope tu. Hakupima bakteria hata kidogo.

Rasimu ya tatu: *Unga wa mlonge ulishusha tope la maji kutoka NTU 120 hadi 9.* (NTU ni kipimo cha tope la maji: namba ikipanda, tope limezidi.) Afadhali, ila bado ina mtego. Maji ya tope yakiachwa kwenye ndoo hutulia yenyewe na uchafu kushuka chini. Je, mlonge ulifanya kazi kiasi gani, na muda ulifanya kiasi gani?

Rasimu ya nne: *Baada ya saa moja, maji ya mto yaliyotiwa miligramu 100 za unga wa mlonge kwa kila lita yalibaki na tope la NTU 9, ilhali yale yasiyotiwa kitu yalibaki na NTU 84.*

Hii ndiyo yenyewe. Ina kipimo, muda, kiasi na kitu cha kulinganisha nacho. Jaji mkali hawezi kuing'oa, kwa sababu haikudai zaidi ya kilichopimwa.

Onyo: usiandike "imethibitishwa" pale ulipopima sampuli chache. Andika "katika sampuli hizi". Majaji huuheshimu uangalifu huo kuliko sauti kubwa.

Utajua umefaulu: mwambie sentensi hiyo muuza maji wa mtaani kwenu, kwa Kiswahili cha kawaida, kisha muulize umesema nini. Akirudia wazo lako bila kukosea, sentensi imeiva. Fanya hivi hata kama shindano lenyewe litaendeshwa kwa Kiingereza, kama yalivyo mengi hapa Nairobi. Wazo linaloyumba kwa Kiswahili litayumba kwa Kiingereza pia, tofauti ni kwamba istilahi zitalificha kwa muda.

## Hatua ya 3: Ikisiri

Ikisiri ni muhtasari mfupi wa utafiti wako. Ukomo huwa maneno 250 au 300. Yagawe hivi: sentensi mbili za tatizo, moja ya swali, tatu za mbinu, tatu au nne za matokeo zenye tarakimu, moja ya kikomo cha utafiti na moja ya maana yake.

Usiandike "matokeo yatajadiliwa". Ikisiri isiyo na tarakimu ndiyo ya kwanza kuwekwa kando.

Msimamizi wako aisome kabla hujaituma, na mkubaliane ni majina ya nani yanaandikwa na kwa mpangilio gani. Ugomvi wa majina ukizuka baada ya bango kuchapishwa, huna pa kuufutia.

## Hatua ya 4: Tengeneza bango

### Ukubwa

Bango la A0 lina sentimita 84.1 kwa 118.9. La A1 lina 59.4 kwa 84.1. Uliza ubao ni wa upana gani kabla hujachagua bango liwe la kusimama au la kulala. Ubao wa mita moja ukiwekewa A0 iliyolala, karibu sentimita 19 za bango zitaning'inia nje, juu ya kazi ya jirani yako.

Fungua programu ya slaidi na uweke ukubwa huo *kabla* ya kuandika neno lolote. Ukianza na slaidi ya kawaida halafu uivute baadaye, picha zitavutika na maandishi yatahama.

### Maandishi

Kwa A0, anzia hapa:

- Kichwa kikuu: pointi 85 au zaidi
- Majina na chuo: pointi 48 hadi 56
- Vichwa vidogo: pointi 40 hadi 48
- Maelezo: pointi 28 hadi 32
- Maelezo ya picha na grafu: yasipungue pointi 24

Maneno yote kwa jumla yawe kati ya 400 na 600. Ukifika 900 umebandika ripoti ukutani, na hakuna atakayesimama kuisoma.

Kichwa kikuu kibebe matokeo. *Unga wa mlonge washusha tope la maji ya mto hadi NTU 9 ndani ya saa moja* humsimamisha mpita njia. *Uchunguzi wa ufanisi wa matumizi ya Moringa oleifera katika...* humwacha apite.

### Jaribio la karatasi ya A4

Hili ni jaribio rahisi kuliko yote na wachache hulifanya. Upana wa A0 ni mara nne ya upana wa A4. Chapisha bango lako zima kwenye A4 moja pale saiba, kwa shilingi chache, kisha ulishike kwa urefu wa mkono. Unavyoliona hapo ndivyo jaji atakavyoliona bango kamili akiwa amesimama umbali wa mita mbili na kitu hivi. Herufi za pointi 28 zitakuwa 7 kwenye A4. Usichoweza kukisoma hapo, jaji pia hatakisoma.

Mpe mtu karatasi hiyo kwa sekunde kumi, kisha uichukue na umuulize utafiti ulipata nini. Akianza kukisia, rudi kwenye kichwa kikuu na grafu.

### Picha

Mashine ya kuchapa huhitaji angalau nukta 150 kwa kila inchi. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upana inatosha kuchapwa kwa upana wa sentimita 67. Lakini picha hiyo hiyo ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa. Ikishuka hadi pikseli 1,600, mwisho wake ni sentimita 27, na zaidi ya hapo itaonekana imechanikachanika. Itume kama *hati*, au ihamishe kwa waya.

Sura za watu zisionekane bila ridhaa yao ya maandishi, na kwa watoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe mwanafunzi kama inavyozihusu kampuni. Jina la mgonjwa, nambari ya simu ya uliyemhoji, au ramani inayoonyesha nyumba yake, vyote viondoe.

## Hatua ya 5: Grafu moja inayosema yote

Kwa mfano wetu kuna nguzo nne: bila mlonge NTU 84, miligramu 50 NTU 31, miligramu 100 NTU 9, miligramu 150 NTU 14. Kila moja ni wastani wa marudio matatu.

Angalia nguzo ya mwisho. Tope limepanda tena. Wanafunzi wengi huificha nguzo kama hiyo wakidhani inawaharibia kazi, kumbe hapo ndipo penye utamu. Protini za mlonge zina chaji chanya, na chembe za udongo zina chaji hasi. Zikikutana kwa kiasi kinachofaa, chembe hushikana, huwa nzito na kuzama. Ukizidisha protini, chembe zote hupata chaji chanya na kuanza kusukumana tena, zikabaki zimeelea. Mwanafunzi anayeweza kueleza hilo kwa sekunde kumi na tano amemwonyesha jaji kwamba anajua kinachotokea ndani ya chupa.

Sheria za grafu ni chache:

Nguzo zianzie sifuri. Ukianzia 50 ili tofauti ionekane kubwa, jaji wa takwimu ataiona kabla hujafungua mdomo.

Onyesha mtawanyiko, yaani vipimo vyako vilivyopishana, kwa vijistari (error bars) juu ya nguzo, na uandike vinawakilisha nini: mkengeuko sanifu (standard deviation), au masafa ya uhakika ya asilimia 95 (confidence interval). Vijistari visivyo na maelezo havina maana.

Andika idadi ya marudio. "Asilimia 75 walikubali" ina uzito mmoja ikiwa ni watu 3 kati ya 4, na uzito mwingine ikiwa ni 300 kati ya 400. Sampuli ikiwa chini ya 20, taja watu na uache asilimia.

Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha makundi, kwani kuna watu wasiozitofautisha rangi hizo. Bluu na chungwa ni salama zaidi. Njano hafifu usiiguse, maana kwenye projekta ya ukumbi wenye mwanga wa dirishani huwa haionekani kabisa.

Utajua umefaulu: ukifunika maelezo yote na kuacha grafu na mihimili yake, mtu wa fani nyingine anakuambia dozi ipi ni bora.

## Hatua ya 6: Uchapishaji

Hifadhi faili kama PDF na uhakikishe fonti zimeingizwa ndani. Faili ya slaidi ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, kila mstari utasogea. Ifungue PDF kwenye simu ya mtu mwingine, uikuze asilimia 400, na upitie kila kona.

Maduka ya uchapishaji yamejaa katikati ya jiji, hasa eneo la River Road na mitaa inayopakana nayo. Ukifika, uliza maswali manne. Roli ya karatasi ina upana gani? (A0 inaingia kwenye roli ya sentimita 91.4.) Karatasi inang'aa au haing'ai? Chagua isiyong'aa, kwa sababu taa za ukumbi hupiga kwenye ile inayong'aa zikaficha grafu. Mtachapa kwa asilimia 100 bila "kutoshea ukurasa"? Naweza kuona kipande cha majaribio kwanza?

Kipande cha majaribio ni muhimu kwa sababu ya rangi. Bluu kali ya kwenye kioo hutoka imepoa kwenye karatasi, wakati mwingine ikaelekea zambarau.

Lipa amana kwa M-Pesa, na salio ulilipe baada ya kulikunjua bango na kulisoma neno kwa neno palepale dukani. Makosa ya kuangalia ni alama zilizopotea, hasa µ na °, nembo iliyovutwa, na nafasi ya pembeni iliyokatwa. Acha sentimita 2 tupu kila upande tangu mwanzo, na hutakatwa neno.

Beba faili kwenye flashi na pia iwe kwenye barua pepe yako. Flashi iliyozunguka saiba tatu mara nyingi huwa imebeba virusi vinavyoficha mafaili, na hutaki kuligundua hilo mbele ya kaunta jioni ya kabla ya shindano.

Chapisha angalau siku tatu mapema.

Kulibeba: viringisha bango likiwa na upande wa maandishi *nje*. Likifunguliwa, kingo zake zitajipinda kuelekea ubaoni na litalala vizuri. Tafuta mrija mgumu wa sentimita 90 au 95. Bomba la plastiki la inchi 3 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, lenye vifuniko pande zote mbili, huhimili mvua na msongamano. Ndani ya matatu, lishike kati ya miguu yako. Ukimpa kondakta alilaze juu ya mizigo, litashuka limebonyea.

## Hatua ya 7: Hotuba ya dakika tatu

Soma kanuni kwanza. Katika mashindano ya aina ya Three Minute Thesis unaruhusiwa slaidi moja tu isiyosogea, bila video, bila sauti na bila vifaa vya kushika mkononi, na ukipita dakika tatu unaondolewa. Mashindano mengine hutoa dakika tano au kumi na kuruhusu slaidi kadhaa. Usibuni kanuni kichwani.

Mgao unaofaa kwa sekunde 180:

Sekunde 0 hadi 20: tatizo kwa picha moja. "Mvua ikinyesha Nairobi, maji ya Mto Mathare hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kuna anayeyahitaji maji hayo siku hiyo hiyo." Basi. Usianze na tafsiri ya neno kutoka kamusi, wala usitumie sekunde kumi kuwasalimu wageni waheshimiwa mmoja mmoja. "Majaji na wenzangu, hamjambo" inatosha.

20 hadi 35: swali lako. Sentensi moja.

35 hadi 80: ulichofanya. "Tulijaza chupa kumi na mbili maji yale yale. Tatu hatukuzitia kitu. Zilizobaki tulizitia unga kwa dozi tatu tofauti, tukakoroga, tukaziacha saa moja." Kila mtu ukumbini sasa anaziona chupa.

80 hadi 140: matokeo. Itaje sentensi yako ya hatua ya 2 polepole, kisha nyamaza sekunde mbili. Elekeza kwenye grafu. Eleza kwa nini dozi ya mwisho ilirudisha tope.

140 hadi 165: maana na kikomo. Sema wazi ambacho hukupima.

165 hadi 170: funga. "Asanteni." Sekunde kumi za mwisho ni akiba yako.

Kwa Kiingereza, msemaji mtulivu hutamka takriban maneno 130 kwa dakika. Kwa Kiswahili maneno ni marefu na idadi hushuka, kwa hiyo amini saa kuliko hesabu ya maneno. Lenga dakika 2 na sekunde 45 unapojizoeza chumbani. Ukumbini utatua, utapumua, mtu atakohoa, na hizo zilizobaki zitakwisha.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, mara kumi au zaidi. Mara mbili za mwisho jirekodi video. Utaona mambo usiyoyajua: unaupa ukumbi mgongo ukisoma slaidi, au unasema "so basically" kila baada ya sentensi. Ikariri sentensi ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno. Za katikati, zijue kwa maana tu. Aliyekariri zote akisahau neno moja huporomoka zima zima.

Kwa kikundi, mtu mmoja azungumze, au wawili wasizidi. Kupokezana kipaza sauti mara nne ndani ya dakika tatu hula karibu sekunde ishirini. Waliobaki wapewe maswali, kila mmoja sehemu aliyoifanya kwa mikono yake.

Onyo la slaidi nyingi: kama ni dakika kumi, slaidi zisizidi kumi. Maandishi yasipungue pointi 24.

## Hatua ya 8: Maswali ya majaji

Alama nyingi hupotea hapa, na karibu zote zinazuilika. Andika maswali kumi na tano unayoyaogopa, hasa yale unayotamani yasiulizwe. Kwa mfano wetu:

Kwa nini mlonge wakati shabu (alum, chumvi ya kutulizia tope) ipo na imezoeleka? Uliamuaje dozi? Marudio matatu yanatosha? Maji ya siku ya kiangazi yangetoa matokeo yale yale? Unga unaobaki ndani ya maji unafanya nini baada ya siku mbili? Ni kipi hasa ulichokifanya wewe, na kipi alikifanya fundi wa maabara?

Jibu kwa mpangilio huu: jibu lenyewe katika sentensi ya kwanza, ushahidi katika ya pili, kisha *nyamaza*. Anayeendelea kuongea baada ya kujibu humfungulia jaji mlango wa swali gumu zaidi.

Tazama tofauti hii. Profesa anauliza, "Kwa hiyo maji haya naweza kunywa?"

Jibu linalozama: "Ndiyo, Profesa, kwa sababu mlonge ni wa asili na umetumika miaka mingi vijijini..."

Jibu linalosimama: "La, Profesa. Tulipima tope pekee. NTU 9 bado iko juu, kwa sababu kabla ya kuua viini kwa klorini maji yanafaa yawe chini ya 1, na pale isipowezekana, chini ya 5. Hatua inayofuata ni kuchuja kwa mchanga na kupima bakteria."

Jibu la pili limekiri upungufu mara mbili na bado limepata alama zote, kwa sababu linaonyesha mtafiti anajua mpaka wa kazi yake. "Hilo sikulipima" ni jibu kamili. Ukiongeza namna ambavyo ungelipima, umemaliza.

Muite jaji kwa cheo chake, Profesa au Daktari. Usipokijua, "mwalimu" haimkwazi mtu. Usimkatize hata kama swali umeshalielewa. Akikosea kuhusu kazi yako, sema, "Naomba nifafanue, Daktari," kisha umwonyeshe mahali kwenye bango. Usiseme "kama nilivyosema awali". Neno hilo huonekana kama karipio.

Swali usilolielewa, liombe lirudiwe mara moja. Kubahatisha ni hatari zaidi.

Utajua umefaulu: msikilizaji wako wa fani nyingine akikuuliza maswali matano ya ghafla, hakuna jibu lako linalozidi sekunde 30.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Hesabu safari kwa saa ya msongamano. Anayetoka Rongai kwenda Juja analikata jiji zima asubuhi ya kazi. Panga kufika dakika 90 kabla. Hiyo inakupa muda wa kubandika bango, kunywa maji, na kuijaribu slaidi kwenye kompyuta ya ukumbi.

Kwenye mkoba: pini na utepe wa kunata vyote viwili (ubao haukosi kukushangaza), mkasi mdogo, flashi yenye PDF, adapta ya HDMI ikiwa laptopu yako ina USB-C peke yake, chaja, nakala 15 za A4 za bango, daftari na kalamu. Kama una kifaa cha kuonyesha, kije na betri iliyojaa. Stima ikipotea, bango na kifaa cha betri bado vinafanya kazi, na mwenye slaidi peke yake anabaki gizani.

Bandika bango katikati yake iwe usawa wa macho. Simama kando, upande usioziba grafu. Jaji akikaribia, mpe sekunde tano asome kichwa kikuu, kisha uliza, "Nikueleze kwa dakika moja na nusu?" Uwe na matoleo mawili tayari, la sekunde 90 na la sekunde 30, kwa sababu jaji wa mwisho huja amechelewa na amechoka. Kwa yule wa sekunde 30 taja tatizo, sentensi yako ya matokeo na kikomo. Mbinu ataisoma mwenyewe.

Usikae kwenye simu. Jaji humpita mwanafunzi anayetazama kioo akidhani yuko mapumzikoni.

Kila swali uliloshindwa kulijibu, liandike kwenye daftari papo hapo, na jina la mahali ulipoulizwa. Jioni hiyo, kabla usingizi haujakuchukua, tafuta jibu na urekebishe faili ya bango, ukiibadilisha jina na tarehe. Mwito wa shindano linalofuata ukitoka, ndiyo faili utakayoanzia.